Mfereji: shajara ya laptopu tano na maji ya Nyalenda

Jumamosi, 18 Januari 2025

Tumeanza leo. Tulikuwa wanne nyuma ya saiba yangu, duka la intaneti na kupiga chapa, hapa Nyalenda, Kisumu, viti vitatu na mtungi mmoja uliopinduliwa. Mimi ninayeandika; Mwalimu, anayefundisha hisabati shule ya upili; Dogo, aliyemaliza kidato cha nne juzi na kujifunza lugha ya programu ya Python kwenye simu yenye kioo kilichopasuka; na Fundi, mzee wa redio kutoka soko la Kibuye, ambaye hakualikwa. Alikuja kuchukua deni lake la chaja, akasikia mazungumzo, akakalia mtungi.

Tunachotaka ni kidogo. Mtu ajue, kabla hajabeba mitungi, maji yapo kibanda gani leo na ni bei gani. Yakiwepo, mtungi wa lita 20 ni shilingi 5. Yakipotea siku tatu ni 20, na mwenye mkokoteni anakuangalia usoni kwanza ndipo ataje bei. Haya yote ziwa likiwa pale, ukipanda ghorofa yoyote unaliona linameta.

Mwalimu alitaka tujiite Wadukuzi wa Nyalenda. Fundi akakataa katakata. Kwake, na kwa redio ya asubuhi, mdukuzi ni yule aliyemwibia mjane pesa za simu. Na kwa kweli neno lenyewe lilizaliwa na doa: kudukua ni kuchungulia mambo ya watu, kutega sikio ukutani. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo, hacker, lilianza kama sifa, miongoni mwa wanafunzi wa klabu ya treni za mfano pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, klabu iliyoanzishwa 1946. Kwao lilikuwa ufundi wenye ujanja ndani yake, bila wizi wowote.

Fundi akasema, "Miaka thelathini nafungua vitu vilivyoandikwa usifungue. Sijawahi kuitwa jina lingine ila fundi."

Basi ni mradi wa mafundi. Kwenye daftari nimeuandika Mfereji.

Jumapili, 26 Januari

Laptopu tano, zilizotolewa na ofisi iliyokuwa inazitupa. Zote zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Nilipakua Debian 12, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, usiku wa manane kwa bando ya usiku, nikaamka mara mbili kuona kama imekatika. Nne zimekubali mara ya kwanza. Ya tano ni ya biti 32, muundo wa zamani, na ina RAM ya gigabaiti 1. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akaikaza pale ambapo mimi sikuona kitu kimelegea, ikawaka. Inaamka polepole, kwanza taa, halafu sauti, halafu uso. Tumeiita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

Dogo aliuliza nani anawalipa watu wa Debian. Nikamweleza kwamba Ian Murdock aliianzisha 1993 akiwa bado mwanafunzi, na hadi leo inaendeshwa na watu wanaojitolea, wana katiba yao na wanapiga kura kila mwaka kuchagua kiongozi.

"Kumbe ni chama," akasema. Ndiyo, ni chama, tena kisicho na mtu wa kukimbia na pesa.

Fundi yeye alitaka kujua huu uhuru wa programu ulianzia wapi, nikamsimulia habari ya Richard Stallman na printa. Printa ya maabara yao MIT ilikuwa inakwama. Alishazoea kurekebisha msimbo, yaani maandishi ya programu, wa printa ya zamani ili iwaarifu watu karatasi zikikwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo, na aliyekuwa nao alipoombwa alikataa kwa sababu ameahidi kampuni kutompa mtu. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha.

Fundi alinyamaza kidogo. "Alinyimwa spana," akasema. Nimesoma maelezo mengi ya leseni za programu huria na hakuna lililonitosha kama hilo.

Jumamosi, 8 Februari

Tumetembea kutoka Pandpieri hadi karibu na ufuo wa Dunga tukiwa na simu mbili, tukiandika vibanda vya maji. Vibanda 41. Ramani tunayotumia ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza 2004 na Steve Coast, na yeyote anaweza kuihariri. Kibera ya Nairobi yenyewe ilikuwa doa tupu hapo hadi vijana wa kule walipoichora 2009. Nyalenda yetu tumeikuta ina barabara na makanisa, watu tusiowajua walishaziweka. Mifereji ndiyo haikuwepo.

Chini ya mabati GPS inalewa. Kibanda kimoja kiliangukia ndani ya ziwa, mita mia kutoka ufuoni, na Dogo akapendekeza tukiache hapo kwa kuwa ndicho pekee chenye uhakika wa maji.

Akina mama wa vibanda walitupokea vizuri. Walitupa namba za simu, bei, hata ni nani anawauzia maji kwa jumla. Tukaandika yote.

Jumamosi, 22 Februari

Programu ya Dogo inapokea ujumbe mfupi kupitia modemu ya zamani ya USB, ikisaidiwa na Gammu, programu ya kuiongoza modemu, kisha inaweka kila kitu kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite. Aliwaambia akina mama waandike NDIYO maji yakiwepo na HAPANA yakikosekana. Wiki nzima tumepokea NDIYO tatu. Zilizobaki nanakili hapa zilivyokuja, na za Kijaluo zimo (pi ni maji, onge ni hakuna, chutho ni kabisa):

maji haiko
hakuna
pi onge
imepotea tangu jana
iko lakini ya matope
onge chutho
niaje dogo hujalipa mtungi ya juzi

Programu ikazikataa zote na kuwajibu "Jibu si sahihi". Fikiria mama amesimama juani bila maji, anaambiwa na mashine kwamba jibu lake si sahihi.

Dogo alitaka tuwape mafunzo. Mwalimu, ambaye kazi yake ni mafunzo, ndiye aliyekataa. Akatusomea kanuni ya Jon Postel, mmoja wa walioiunda intaneti, ya mwaka 1980: unachokituma kiwe nadhifu, unachokipokea kipokee kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo Dogo ameandika orodha upya. Onge, haiko, hakuna, hamna, imepotea, imeisha, yote ni hapana. "Ya matope" imepewa safu yake. Ile ya deni la mtungi imepelekwa kwa mhusika.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa, na si kwa sababu yetu.

Mama wa kibanda cha kona alikuja saiba kupiga chapa fomu. Ujumbe wake haukuwa umefika wiki mbili, nikamuuliza kwa upole, "Mama, simu iliharibika?"

"Simu ni nzima. Shilingi ndiyo sina ya kuwatumia kila siku. Nyinyi mnataka habari, mbona mimi ndiye nalipia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutafikiria njia ya kumrudishia.

"Ya nini? Wekeni laini mbili. Maji ikiwa iko, nitaflashi hii. Ikiwa haiko, nitaflashi ile. Mashine yenu si inaona nani amepiga?"

Inaona. Gammu inaisoma namba ya anayepiga na kuikata simu kabla haijapokelewa, na simu isiyopokelewa hailipiwi. Tumekaa wiki kadhaa tukiboresha namna ya kusoma maneno, na huyu mama ametuondolea maneno yote kwa sentensi moja. Na simu yake ni mulika mwizi, haina hata kioo cha kugusa.

Usiku nilimsimulia Dogo habari za Joe Engressia, Mmarekani aliyezaliwa kipofu, aliyegundua akiwa mtoto kwamba akipiga mluzi wa hezi 2600 simu ya masafa marefu inamtii. Vijana waliomfuata walijenga vijisanduku vya kutoa mlio huo, na hao ndio mababu wa utamaduni huu wa hacker tunaousoma. Dogo akauliza kama kuflashi nako ni wizi. Nikamwambia hapana: wale walipiga simu bila kuilipia, sisi hatupigi simu kabisa. Tunabisha hodi na kuondoka.

Laini ya pili imenunuliwa. Modemu ya pili ilitoka kwenye sanduku la Fundi, imefungwa kwa utepe mweusi.

Ijumaa, 7 Machi

Kuflashi kunafanya kazi. Leo vibanda 33 vimebisha hodi kabla ya saa mbili asubuhi. Ramani inabadilika yenyewe, kijani na nyekundu. Mwalimu ameitazama nusu saa bila kusema kitu, akasahau kwenda darasani.

Jumamosi, 15 Machi

Mambo yameharibika.

Wiki iliyopita niliiweka ramani kwenye kiungo kilicho wazi, kila kibanda na nukta yake, bei, na jina ambalo mama huitwa mtaani. Nilidhani ndiyo maana ya kuwa wazi. Mwalimu akakituma kiungo kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, nao wakakisambaza, na nilipokuwa nahesabu wageni wa ukurasa nilikuwa nafurahi.

Alhamisi walikuja watu wawili wenye spana na karatasi. Hawakujitambulisha. Wakaenda moja kwa moja hadi vibanda viwili, bila kuulizia njia, wakakata mabomba. Kimoja ni cha mama wa kona. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni ramani iliyowaongoza, lakini kutafuta kibanda hapa bila kuulizia njia ni jambo ambalo hata mimi niliyezaliwa hapa siliwezi.

Alikuja saiba, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mlikuja na simu mkasema mnanisaidia. Kumbe mlikuwa mnanichora."

Nimekizima kiungo saa ile ile. Sijui kuandika zaidi leo.

Jumapili, 23 Machi

Mkutano chini ya mwembe wa kanisa. Walikuja akina mama tisa, sisi wanne, na dada mmoja muuguzi wa zahanati ambaye ni jirani ya mama wa kona. Nitauandika kwa urefu kwa sababu ndio uliobadilisha mradi.

Mwalimu alianza kwa kututetea, na hilo lilikuwa kosa. Akasema msingi wa programu huria ni kwamba habari ziwe wazi kwa wote, na kwamba mwaka 2008 Ushahidi ilianzia hapa hapa Kenya kwa msingi huo. Hapo alisema kweli. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka na Kisumu ikiwa kati ya miji iliyoumia sana, Ory Okolloh na wenzake walijenga tovuti ambayo mtu angeweza kutoa taarifa ya alichokiona, kwa ujumbe mfupi au mtandaoni, na taarifa ikatokea kwenye ramani. Msimbo wake ukaachwa wazi, na ulipotokea tetemeko la Haiti Januari 2010 ukatumika kule, jumbe za Kikrioli zikitafsiriwa na Wahaiti waliokuwa ughaibuni.

Mama mmoja mkongwe akamsikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mwalimu, 2008 mimi nilikuwa Kondele. Aliyetoa habari, jina lake liliandikwa kwenye ramani?"

Mwalimu akanyamaza.

Ndipo yule dada wa zahanati akasema jambo ambalo nimelibeba wiki nzima. Kazini kwao wanatumia KenyaEMR, na KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mizizi yake iko huku kwetu magharibi. Kabla yake kulikuwa na mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001, na OpenMRS yenyewe ilianza kutumika Eldoret 2006. "Hiyo programu," akasema, "mtu aliye Brazil anaweza kuisoma mstari kwa mstari, airekebishe, airudishe bora. Lakini hebu njoo dirishani kwangu uniombe faili la jirani yako."

Watu wakacheka, kicheko cha kuelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechanganya spana na nyumba. Spana ndiyo Stallman alinyimwa. Hakuna mahali alipoomba funguo za mlango wa mtu.

Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba Wajerumani walishagombana juu ya hili kabla sijazaliwa. Chaos Computer Club, chama cha hacker wa Ujerumani kilichoanzishwa Berlin 1981 na kina Wau Holland, kiliongeza kanuni yake juu ya zile za hacker wa Marekani: data ya umma itumike, data ya mtu binafsi ilindwe. Nimeisoma mara ngapi! Niliijua kama unavyolijua jina la mtaa ambao hujawahi kushuka.

Lakini swali gumu lilibaki pale pale mwembeni: mfereji wa mama ni wa umma au ni wake? Tuligombana hadi jua likahama. Aliyelitatua ni Fundi, kama kawaida akiwa amekaa pembeni.

"Nyinyi mnataka kujua maji yako wapi. Maji hayatoki kwa mama. Yanatoka kwenye bomba kubwa. Mbona tochi mmemmulika mama?"

Yaliyoamuliwa: hakuna nukta za vibanda tena. Tutaonyesha sehemu ya mtaa kwa ujumla, bomba kubwa lina maji au halina, tangu lini. Namba za simu zibaki kwenye Dani, ambayo haitaunganishwa na intaneti, na anayetaka kufutwa anafutwa siku hiyo hiyo. Na tuandike barua kuomba ratiba rasmi ya mgao wa maji. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu kuomba kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Mama mkongwe akasisitiza iwe Kiswahili, ili aisome kabla haijatumwa.

Mama wa kona alikuja, alikaa, hakusema neno mkutano mzima.

Jumamosi, 29 Machi

Dogo amefuta nukta zetu OpenStreetMap. Kisha akagundua kwamba toleo la zamani bado linasomeka kwenye historia, yeyote akiitafuta. Kuna kikundi cha OpenStreetMap kinachoshughulikia data chenye uwezo wa kuificha, tumekiandikia. Kwa bahati tulichokuwa tumepakia kule ni nukta tupu. Majina na bei vilikuwa kwenye ramani yetu.

Alienda mwenyewe kumweleza mama wa kona, bila kutumwa. Miaka kumi na minane, akasimama mbele yake akamwambia haifutiki yote.

"Kwa hivyo ni kama chale," akasema mama.

"Ndiyo, mama."

Akampa mtungi wa maji. Dogo hajui kama ni msamaha au ni biashara. Alilipa shilingi 5.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya 21. Kimya.

Jumamosi, 3 Mei

Msimbo wetu, bila data yoyote, uko Codeberg, tovuti ya kuhifadhi msimbo huria, tangu Februari chini ya leseni huria ya GPL. Leo mtu tusiyemjua ametuma marekebisho kutoka Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili. Ameongeza maneno ambayo sisi hatuyasemi: hamna kitu, yamekatika, hayatoki. Mwisho akauliza, kwa adabu zote za Kitanzania, samahani ndugu zangu, kwa nini mradi wa maji ya kunywa mmeuita Mfereji? Kwetu mfereji ni bomba, kwao ni mtaro wa maji machafu. Dogo amecheka mpaka akatoka nje.

Amefurahi kiasi kwamba alitaka kumpa ruhusa zote za hazina ya msimbo wetu. Hapo nikamsimamisha, nikamsimulia mkasa wa xz. Kuna kiprogramu cha kubana mafaili, kiko karibu kila Linux duniani, na kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka. Akaja msaidizi mwema, akijiita Jia Tan, akasaidia zaidi ya miaka miwili hadi akapewa ruhusa, kisha akapachika mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemgundua, Machi 2024, ni Andres Freund, mhandisi aliyeona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kumechelewa karibu nusu sekunde na hakukubali kulipuuza.

"Kwa hivyo wa Mwanza ni mwizi?"

"Hapana. Wa Mwanza ni mgeni. Mgeni anakaribishwa sebuleni."

Marekebisho yake tumeyasoma wawili, mstari kwa mstari, tumeyapokea, tumemshukuru. Ila nilichokuwa namweleza Dogo hasa, na nadhani alikisikia, si habari ya Jia Tan. Ni habari ya yule mtu mmoja aliyechoka. Dogo hulala saa nane usiku. Kuanzia leo Mwalimu anajifunza Python, ana hasira nayo kama mwanafunzi wake yeyote.

Barua ya ratiba tumeituma mara ya pili.

Jumamosi, 31 Mei

Jana wamemkamata Rose Njeri, Nairobi. Alitengeneza tovuti inayomsaidia mwananchi kutuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Unabonyeza, barua inaandikika, inaenda. Vifaa vyake vimechukuliwa.

Saa moja asubuhi mama yake Dogo alinipigia. Alinisalimu vizuri, akaulizia watoto, kisha: "Baba, wewe ndiye mkubwa wake. Akishikwa, nitakuja kwako."

Tumekaa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 mezani, Mwalimu akisoma kwa sauti. Yetu ni simu ambazo watu wanatupigia wenyewe kwa hiari. Hatuingilii mfumo wa mtu. Lakini yeye pia alikuwa anawasaidia watu kuandika barua tu. Fundi alisema jambo moja, kwamba zamani walimchukulia redio za wateja kwa sababu hazikuwa na leseni, na akaendelea kuchomelea.

Nimehamisha laini na barua zote ziwe kwa jina langu. Tulitaka kuliondoa na la Dogo kwenye msimbo, tukakumbuka Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Torvalds aliijenga 2005 ili isisahau lolote, na kila badiliko tangu Januari lina jina la Dogo. Chale nyingine. Tulimuuliza kama anataka tuanze hazina upya bila historia.

"Hapana," akasema. "Niliandika mimi." Akatazama chini. "Lakini msimwambie mama."

Jumamosi, 21 Juni

Jana mahakama imemwachilia Rose Njeri. Hakimu ameona mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Nilimpigia mama yake Dogo. Akasema, "Nimesikia. Bado," akakata.

Ratiba ya mgao imekuja! Karatasi moja, muhuri mkubwa.

Jumatano, 25 Juni

Nimefunga saiba saa nne asubuhi. Mwaka mmoja tangu siku waandamanaji walipoingia Bungeni. Nakumbuka 2024 jinsi vijana walivyouvunja Mswada wa Fedha wa mwaka ule kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaongea kwa Zello, programu inayoigeuza simu kuwa redio ya upepo, kama makonda, na intaneti ikawa inakokota siku yenyewe. Mimi nilikuwa napiga chapa vipeperushi bei ya wino.

Leo vibanda 29 vimeflashi. Maji hayangoji maandamano.

Jumapili, 10 Agosti

Debian 13 imetoka jana, na kisakinishi cha biti 32 hakimo tena. Dani atabaki na 12 hadi mwisho wa uhai wake. Hana intaneti, kwa hiyo sina haraka. Fundi anasema mwenye kuzeeka asilaumiwe kwa kutojua nyimbo mpya.

Dogo amepata nafasi Chuo Kikuu cha Maseno, anaondoka mwisho wa mwezi. Si mbali, matatu moja, lakini tumekubaliana asiguse msimbo muhula wa kwanza. Hakuna anayeamini. Mwalimu sasa anaweza kuiwasha modemu bila kumpigia mtu simu.

Jana jioni mama wa kona aliingia saiba. Aliingia ndani kabisa, akavuta kiti. Bomba lake lilirudishwa Mei, kwa mita, kwa jina lake, na tangu hapo alikuwa anaflashi kila asubuhi bila kuniambia. Nilikuwa naiona namba na kunyamaza.

"Hiyo karatasi yenye muhuri, inasema maji inakuja siku gani kwetu?"

Nikamwonyesha.

"Na mashine yenu inasema ilikuja siku gani?"

Nikamwonyesha hiyo nayo. Akaziweka pamoja, kidole kimoja juu ya hii, kingine juu ya ile, akashuka nazo taratibu hadi chini.

"Kuna mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi wiki ijayo. Nipigie chapa zote mbili, ubavu kwa ubavu. Jina la mtu lisiwemo. Langu nitalisema mwenyewe nikisimama."

Zilitoka kurasa nne. Nilikataa pesa. Akahesabu shilingi 40, akaziweka juu ya printa, akatoka.

Yaliyobaki: katriji ya wino mweusi inaisha. Modemu ya pili inapata moto, Fundi aiangalie kabla ya Jumanne. Kumjibu wa Mwanza, anaulizia kama mfumo wa laini mbili unaweza kufanya kazi kwao Igogo.